Kipande Kilichobaki Mwishoni mwa Mkanda

Vijana niliowaacha kazini wameniomba mara kadhaa niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya kompyuta, wakati televisheni ya watoto ya hapa Mwanza ilipokuwa changa na ya bure. Nimestaafu juzijuzi, afya ninayo ya kunitosha, na baada ya sala ya alfajiri sina tena gari la kuwahi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa yote mawili. Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Nitaandika niliyoyaona, na hasa habari ya mkanda mmoja. Kila mliponiuliza kwa nini nilikuwa mkali mkitaka kufuta kazi za watoto, nilisema nitawaeleza siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo hii.

Kituo chetu hakipo tena. Kilikuwa katika nyumba moja juu ya mawe ya Isamilo, ambayo siku hizi nasikia ni nyumba ya wageni. Serikali ilikuwa imeanza kuwaruhusu watu binafsi kufungua redio na televisheni, na mjini kila mwenye duka alikuwa akiwaza afungue nini. Tajiri wetu aliuza redio, majokofu na televisheni. Aliona kwamba televisheni zinakaa dukani zikikusanya vumbi kwa sababu hakuna cha kutazama ndani yake, akafungua kituo cha watoto, kuanzia saa kumi jioni hadi karibu na magharibi, bila kumtoza mtu hata senti. Alisema mtoto akishapenda, baba atanunua. Sikumlaumu. Mungu hupitisha heri katika mikono ya namna nyingi, na mkono wa mfanyabiashara ni mmojawapo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa. Baba yangu alikuwa Mmanyema aliyekuja Mwanza na reli, mama yangu Msukuma wa Magu, na malezi yangu ya dini niliyapata kwa Maalim Yahya, aliyenifundisha kusoma, kuandika, na kunyamaza mtu mwingine anaposema. Siku moja tajiri alisimama kwenye dirisha la madrasa nikiwa nawasimulia watoto kisa, akaona darasa zima limetulia. Alisubiri nimalize, akaniuliza kama naweza kufanya hivyo hivyo mbele ya mashine. Nilimjibu kwamba sijawahi kuongea na mashine. Akasema mashine haina ubishi kama watoto.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Fundi wa kituo alikuwa Mzee Bwire, Mjita kutoka Majita, ambaye maisha yake yote alikuwa ametengeneza redio za watu. Alinitazama tangu kofia hadi kandambili.

“Mwalimu,” alisema, “ukikaa hapo na hiyo kanzu, watoto wataona taa inaongea.”

Akanivisha koti lake la kahawia lililonuka moshi wa lehemu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la kamera, kwamba nyeupe inaunguza picha. Somo la pili lilikuwa ndevu. Tajiri alitaka babu wa kusimulia hadithi, na mimi wakati huo sikuwa na mvi hata moja. Mke wa Mzee Bwire alinishonea ndevu za pamba juu ya kitambaa, zenye mpira wa kupitisha nyuma ya masikio. Zilikuwa na joto la kutisha. Leo nimeota zangu mwenyewe, haziwashi hata kidogo, ila hakuna anayezitazama.

Maalim Yahya aliziona zile za pamba kwenye televisheni ya muuza viatu mtaani kwetu. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri aliniita.

“Sadiki,” alisema, “za kweli umenyoa, za pamba unavaa.”

Kisha akaacha utani. Alinikumbusha kwamba anayetengeneza sura ya kiumbe ataulizwa siku ya kiyama kama anaweza kuitia roho. Alisema hanikatazi, maana anawaona watoto wanavyotulia, lakini nisisahau kwamba kilichomo mle ndani si mtu. Nilimwahidi kwamba sitasahau. Ilikuwa ahadi rahisi. Nilijiuliza ni nani mwenye akili zake anayeweza kusahau jambo kama hilo.

Studio yetu ilikuwa sebule. Ukutani tuliegemeza magodoro ili sauti isirudi, na sakafuni tulitandika mkeka na kupanga vigoda vya watoto. Tulikuwa na kamera moja, taa mbili zilizonunuliwa kwa mpiga picha aliyefilisika, na mashine moja ya video. Mashine hiyo ndiyo ilirekodi, ndiyo ilikagua, na ikifika saa kumi ndiyo ilirusha. Mzee Bwire aliitunza kama mtu anavyotunza ng’ombe wa maziwa wa pekee. Aliifungua, akaisafisha kwa pamba na spiriti, akaifunika kwa kitambaa, na mtu akirudisha mkanda nyuma mara mbili bila sababu alisikia maneno. Alisema kila unaporudisha, unakula mkanda na unakula mashine, na hakuna duka Mwanza linalouza meno mapya ya kitu kile.

Majira ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi, taa zetu ziliwaita wote. Nilisimulia hadithi huku nawatema. Mzee Bwire alivumilia, kisha akaning’iniza balbu nje ya dirisha, wadudu wakahamia huko, nasi tukaendelea. Umeme ulipokatika tulikaa gizani na watoto tukiimba, kwa sababu mtoto akishaogopa giza la studio hutampata tena siku hiyo. Hayo nawaachia bure, pamoja na hili: msimwambie mtoto asilie mbele ya kamera. Mwulizeni jina la mbuzi wao.

Watu walitupata kwa antena za waya, na wengi waliongezea mfuniko wa sufuria. Wachache walikuwa na televisheni, kwa hiyo televisheni moja ilitazamwa na mtaa mzima, wengine wakiwa ndani, wengine dirishani. Mama mmoja wa Nyegezi alinisimamisha njiani kunilalamikia. Mwanawe kila jioni alikuwa anaweka kikombe cha uji mbele ya televisheni, ili Babu anywe akimaliza kusimulia, na uji ukikutwa umejaa alilia kwamba Babu amekataa chakula chao. Niliomba radhi. Jioni ile, katikati ya hadithi, niliwatangazia watoto wote kwamba Babu amefunga. Nadhani huo ndio uongo mdogo kuliko wote niliowahi kusema hewani, na kesho yake nilifunga kweli ili usiwe uongo.

Shida yetu kubwa ilikuwa mikanda. Ilitoka Dar es Salaam, mara nyingine Nairobi, na ilikuja michache. Kwa hiyo hatukuweka kitu. Kipindi kikisharushwa na kurudiwa mara moja, mkanda ulirudishwa mwanzo na kipindi kingine kikarekodiwa juu yake. Ndivyo tulivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ubaya. Hadithi zangu za mwaka mzima zililala moja juu ya nyingine kama nyasi za paa. Watu walipotuuliza kama tunafuta, Mzee Bwire alisema mkanda haufutwi, unafunikwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya wageni. Shule za chekechea zilituletea watoto, wakaimba, wakahesabu, nami nikaongea nao mmoja mmoja. Katika kundi lililotoka Igoma alikuwemo binti aliyeitwa Minza. Alikuwa amenyolewa kichwa kama wenzake, ana pengo mbele, na sare yake ilikuwa ya kuazima, imemfika chini ya magoti. Kawaida yangu ilikuwa kumwuliza kila mtoto nyumbani kwao kuna nani. Wengi hutaja mama, bibi, kuku. Minza alifikiri kwanza.

“Kuna mama na mimi,” alisema. “Baba anachimba dhahabu Geita. Akimaliza atakuja.”

Nikamwuliza atamaliza lini.

“Dhahabu ikiisha.”

Walimu wao walicheka, nami nikacheka ndani ya ndevu zangu. Kipindi kiliporushwa, nilisikia kwamba nyumba ya jirani yao mwenye televisheni ilijaa mpaka watu wakasimama uani. Mama yake, ambaye aliuza mchicha na nyanya sokoni Igoma, alikunja turubai mapema siku hiyo akaenda kukaa mbele kabisa.

Masika ya mwaka ule malaria ilikuwa kali. Mwalimu wa Igoma alipoleta kundi jingine, nilimwuliza habari za yule binti mwenye pengo. Akanijibu kwamba wamemzika. Homa ilimpanda kichwani, akashikwa na degedege, na walipopata gari la kumpeleka hospitali alikuwa amekwisha. Nilimwombea pale pale, kisha nikaenda kuvaa ndevu, kwa sababu watoto wengine walikuwa wamekwisha kaa kwenye vigoda wananisubiri. Kazi yetu ina ukatili huo. Taa zikiwaka unatakiwa uwe Babu.

Baada ya muda walikuja wageni wawili. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na Mzee Bwire alikuwa ameifungua mashine anaisafisha. Mwanamke alibaki nje ya mlango. Mwanamume aliingia, mwembamba, vumbi jekundu limezama katika mistari ya viganja vyake, kofia ameishika mkononi. Alimwamkia Mzee Bwire shikamoo, akaitikiwa marahaba.

“Nimeambiwa mtoto wangu yuko humu,” alisema.

Mzee Bwire alidhani ni mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe. Alimweleza kwa upole kwamba leo hakuna watoto, wageni wetu huja Alhamisi. Yule bwana hakuondoka. Ndipo mwanamke alipoingia. Alijitambulisha kwamba yeye ni Mama Minza wa Igoma, na huyu ni mume wake, Masanja, baba wa marehemu, aliyefika juzi kutoka machimboni. Nilimsabahi Masanja kwa Kisukuma cha mama yangu, na mabega yake yakashuka kidogo. Tukawakalisha. Hatukuwa na viti vingine, wakakaa kwenye vigoda vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu.

Mengi alituambia mama. Masanja aliondoka Minza akiwa bado ananyonya, anatambaa. Alikusudia kukaa msimu mmoja. Lakini mchimbaji asiyepata kitu haoni aibu kulala na njaa, anaona aibu kurudi nayo nyumbani, na kila msimu ulimwahidi unaofuata. Habari ya ugonjwa ilimfikia kwa dereva wa lori, imeshapitia midomo mingi. Alipopata usafiri, akavuka kivuko cha Busisi na kufika Igoma, alionyeshwa tuta la udongo uliokwisha kukauka. Akaomba picha ya mtoto. Picha haikuwepo. Wapiga picha walikuwa wamepita pale mtaani mara nyingi na Mama Minza aliwarudisha wote, kwa kuwa alitaka wapigwe picha wote watatu, baba akirudi.

“Sijui alikuwaje,” Masanja alisema. “Nimwone tu. Sitachukua kitu.”

Mzee Bwire alinitazama nami nikamtazama. Wote wawili tulijua kwamba mkanda wa watoto wa Igoma ulikuwa umetumika tena. Mzee Bwire alifuta mikono kwa kitambaa akamwambia wazi kwamba tulirekodi kitu kingine juu yake.

“Kwa hiyo amefutwa,” Masanja alisema.

“Amefunikwa.”

“Basi si afunuliwe.”

Mzee Bwire alimweleza kwamba haifanyiki hivyo. Alieleza vizuri, bila haraka, na Masanja alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza hukumu. Mama Minza alianza kukusanya kanga yake ili wainuke. Hapo Mzee Bwire akaangalia rafu ya mikanda, akaniuliza jambo la ajabu: hadithi zangu za baada ya wale watoto zilikuwa ndefu au fupi?

Nikaelewa. Vipindi vya watoto vilikuwa virefu, kwa sababu mtoto haharakishwi. Hadithi zangu mara nyingi zilikuwa fupi kuliko hivyo. Kama juu ya watoto wa Igoma nilikuwa nimesimulia hadithi fupi, basi nilipomaliza mimi kufunika, kipande chao cha mwisho kingekuwa bado kipo wazi mwishoni mwa mkanda. Lakini ni mkanda upi, hatukujua. Karatasi za majina tulikuwa tunabandika moja juu ya nyingine hadi zikawa nene kama kadibodi. Ilibidi tupitie mkanda mmoja mmoja. Mzee Bwire alifunga mashine, akaanza.

Tulifanya hivyo hadi mchana. Kila mkanda nilitokea mimi, na koti la kahawia na ndevu za pamba, namalizia hadithi, nawaaga watoto kwa furaha. Kisha picha inaruka, na baada yake ama chenga za kioo kisicho na picha, ama mkia wa kitu cha zamani. Tuliona watoto wa Kirumba wakihesabu. Tuliona nusu ya ngoma. Mama Minza alitikisa kichwa kila mara. Sijawahi kujichoka kama nilivyojichoka siku ile. Nilikuwa nimekaa juu ya kila mtoto aliyewahi kupita pale.

Nilitoka kuswali adhuhuri kati ya mawe nyuma ya nyumba. Baada ya sala niliomba jambo ambalo sijawahi kuliomba tena, kwamba siku ya kurekodi juu ya watoto wa Igoma niwe nimesimulia hadithi fupi.

Mkanda ulipatikana mchana ukiwa umeanza kuelekea alasiri. Mimi kwenye kioo niliaga, picha ikaruka, na Mama Minza akaweka mkono kwenye goti la mume wake. Zilikuwa sare za Igoma. Kilichobaki kilikuwa wimbo wa kuaga, mwanzo wake umekatwa, watoto wamesimama mstari mmoja wanaimba na kupunga mikono. Kipande kifupi sana. Ukikohoa mara mbili kimekwisha.

Masanja aliinama mbele. Uso wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nikaona meno yake. Akaweka kidole karibu na kioo, juu ya mtoto wa katikati, mnene wa mashavu, aliyekuwa anatutazama moja kwa moja akicheka.

“Huyu,” alisema.

Mama Minza alisubiri mpaka chenga zilipoingia.

“Huyo ni wa jirani,” alimwambia polepole. “Wetu ni yule wa mwisho kabisa. Anayeangalia pembeni.”

Masanja aliondoa kidole kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mzee Bwire alirudisha mkanda bila kuambiwa.

Pembeni ya kamera tulikuwa na televisheni ndogo ya kumwonyesha fundi picha inavyotoka. Watoto wengi hawakuitambua. Lakini mara moja moja mtoto aligeuza kichwa akajikuta mle ndani, na akishajiona hakuwa tena wa kwetu. Minza alikuwa amejiona. Wenzake walitupungia sisi, yeye alikuwa anajipungia mwenyewe. Kamera ilichukua kichwa kilichonyolewa, sikio, shavu moja, na ncha ya tabasamu. Uso wenyewe ulikuwa umeelekea upande ambao hatukuwa na kamera.

“Atageuka?” Masanja aliuliza.

“Hapo ndipo mkanda unapoishia, bwana,” Mzee Bwire alimjibu.

“Rudisha.”

Mzee Bwire akarudisha. Yule mzee aliyegombana nami kwa kurudisha mara mbili alirudisha, na akarudisha tena. Kila mara watoto walipotokea, Masanja aliegemea kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Mama Minza hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama mume wake.

Nilikumbuka ahadi yangu kwa Maalim Yahya. Masanja hakuwa mtoto wa kuiwekea televisheni uji. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, aliyeishi na mawe na kujua kwamba jiwe halijibu, naye alikuwa anasubiri picha igeuke. Na mimi, Mungu anisamehe, kila mkanda uliporudi mwanzo nilijikuta nasubiri pamoja naye.

Baadaye aliniuliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, kama mtoto hakusema neno lolote siku ile. Maneno ya Minza yalikuwa sehemu ya mwanzo, chini ya hadithi yangu, na hayapo tena popote isipokuwa kwa waliokuwepo. Nilimwangalia Mama Minza. Alikuwa ameyasikia kwa jirani siku kipindi kiliporushwa, na nikaona kwamba hakuwa amemwambia. Aliinamisha kichwa kunikubalia.

“Nilimwuliza nyumbani kuna nani,” nilisema. “Akasema yupo mama na yeye. Na baba anachimba dhahabu Geita, akimaliza atakuja.”

Lile jibu lake la pili nililibakiza kwangu. Masanja alijitazama viganja.

“Sikupata hata ya pete,” alisema.

Simu ya kituo ilianza kulia. Hatukuhitaji kuipokea ili kujua ni nani. Saa kumi ilikuwa imepita, na kule dukani kwa tajiri televisheni zote zilizopangwa dirishani zilikuwa zinaonyesha chenga, na watoto wa mji mzima wamekaa mbele ya chenga hizo hizo. Kituo chetu kiliwahi kuzimika kwa sababu ya umeme, kwa sababu ya radi, na mara moja kwa sababu ya nyani aliyekaa kwenye antena, lakini kamwe hakikuwahi kuchelewa wakati fundi na babu wote wapo. Simu ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mzee Bwire alirudisha mkanda.

Masanja ndiye aliyeuliza simu ile inataka nini.

“Ni watoto,” Mzee Bwire alisema. “Saa ya kipindi chao imepita.”

“Wanasubiri mashine hii?”

“Hii hii.”

Masanja alitazama mara moja zaidi. Safari hii aliinuka mwenyewe kabla chenga hazijaingia.

“Basi,” alisema. “Wawekee wenzake.”

Mzee Bwire aliutoa mkanda. Mliofanya kazi na mikanda ya video mtakumbuka kwamba nyuma yake kulikuwa na kijipande kidogo cha plastiki, na ukikivunja hakuna mashine itakayorekodi tena juu ya mkanda huo. Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona akikivunja, maana mkanda kwetu ulikuwa mali. Alichukua bisibisi, akakibetua, kikavunjika kwa mlio mdogo. Akampa Masanja mkanda kwa mikono miwili.

Masanja alisema yeye hana televisheni, wala mashine ya kuutazamia.

“Najua,” Mzee Bwire alisema.

Kisha akaanza kumfundisha. Simu ilikuwa bado inalia, naye alimfundisha taratibu kama alivyonifundisha mimi habari za kanzu nyeupe. Usiuanike juani. Usiuweke penye unyevu, hasa huku kwetu karibu na ziwa. Usiuweke karibu na spika ya redio, sumaku itaula. Usiulaze, uusimamishe. Masanja alirudia kila neno kwa sauti ndogo, huku Mama Minza akiyashika naye, kama wazazi wanaoelekezwa dawa kliniki.

“Na joto la mtu?” Masanja aliuliza.

“Joto la mtu halina neno.”

Akafungua vifungo vya shati, akauweka kifuani, akafunga. Waliaga. Mimi niliwasindikiza hadi mlangoni, nikasimama pale badala ya kukimbilia taa, na kwa dakika chache watoto wa Mwanza waliendelea kusubiri. Njia ya kushuka kutoka Isamilo ilikuwa ya mawe matupu. Masanja alishuka taratibu, mkono mmoja ameuweka juu ya shati lake, na mke wake alitangulia akimwonyesha pa kukanyaga.